Mashavu ya Mgombea

Niliugua kwa njia ya kipumbavu. Fundi wa nguo hujidunga sindano kila siku, lakini huwa anajua. Mimi nilishona kidole changu pamoja na kola ya sare ya shule, nikaja kujua mteja aliponionyesha damu. Wiki mbili baadaye mguu wa kushoto ukakataa kuinuka. Nikauburuta mtaa mzima wa Huruma, na kukanyaga cherehani kukanishinda.

Njambi, mke wangu, alinipeleka hospitalini. Daktari Jepkosgei hakunificha: kinga ya mwili wangu ilikuwa imegeuka kushambulia mishipa yangu ya damu. Mishipa ilikuwa imevimba, na neva za mikono na miguu zilikuwa zikikosa damu.

"Hizi ni tembe za prednisoloni, za kuituliza hiyo kinga," alisema. "Utanenepa uso, na utasikia njaa sana. Lakini usiache ghafla, hata siku moja, Mzee Gathogo. Ukiacha, huu mguu utaupoteza."

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Kati ya yote aliyosema, lililoniuma ni hilo la "Mzee".

Dawa ilifanya kazi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikikanyaga cherehani tena. Na uso je! Mashavu yalijaa, kidevu kikapata mwenzake, tumbo likatangulia mbele. Nilijipanulia suruali nne kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka ule wa 1988, mtu mwenye mashavu kama yale alikuwa amekula mahali. Walioniona nikichechemea walisahau upesi, wakaanza kuniita Mheshimiwa na kunipisha kwenye benchi la kanisa. Mzee Kabiru, tajiri wa mtaa ambaye hakuwahi kunisalimu, alinishika mkono.

"Gathogo, wewe umeiva. Simama uenyekiti wa chama hapa mtaani. Huyu mwalimu Wangila amekonda hivi, atatuletea nini?"

Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilikohoa kidogo kama kiongozi, nikakubali.

Sasa mgombea hawezi kuonekana akimeza dawa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, na wageni wa kampeni walishinda humo wakinywa chai. Nikaificha chupa kwenye droo ya cherehani. Siku ya kwanza nilisahau kwa hiari. Siku ya pili nikajiambia nimepona. Kufika siku ya nane niliamini kabisa kwamba unene ule ni wangu, nimeutafuta kwa jasho. Njambi aliniuliza kama nameza.

"Nameza," nikamjibu, kwa sauti ya jukwaani.

Siku ya mlolongo tulikusanyika uwanjani asubuhi. Hakukuwa na karatasi za kura. Unasimama nyuma ya unayemtaka, unahesabiwa. Mstari wangu ulizunguka uwanja. Wa Wangila ulikuwa na ndugu zake na walimu wawili. Jasho la baridi lilinitoka, nikadhani ni furaha ya ushindi. Ofisa wa uchaguzi akatuamuru tusogee hatua kumi, mistari itufuate. Nikajaribu kuuinua mguu wa kushoto. Haukuinuka. Nilianguka kifudifudi, suruali ikapasuka.

Njambi alikuja mbio, chupa mkononi. Alikuwa ameikuta kwenye droo alipotafuta uzi.

"Ulimeza mwisho lini?"

Nikamwambia ukweli: siku kumi na mbili.

Hakunong'ona. "Nyinyi watu, huyu hajanenepa! Ni dawa! Ni mgonjwa, na tena ni mjinga! Nani ako na maji?"

Mstari wangu ukahamia kwa mwalimu. Watu hawakukimbia, walihama kwa adabu, Mzee Kabiru akiwa mbele. Aliyeniletea maji ni Wangila, kisha akarudi mahali pake kuchaguliwa.

Nilimeza. Njambi alikaa kwenye nyasi, akauweka mguu wangu mapajani mwake, akaanza kuukanda. Niliuona mkono wake ukipanda na kushuka, na sikuusikia hata kidogo. Hapo nikaogopa kweli, nikalia mbele ya mtaa mzima.

Ofisa alikuja na daftari lake, akasimama juu yetu.

"Mama, wewe unahesabiwa wapi?"

"Hapa," Njambi alisema, bila kuinua kichwa. "Andika mmoja."