Mwaridi Kwenye Udongo wa Mbuga

Nilihamia Dutwa mvua za kwanza zilipoanza, miaka ile ambayo kila mwenye lori na mzani aliruhusiwa kununua pamba. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika mjini Bariadi mpaka alipopunguzwa kazini. Mfanyabiashara mmoja akamchukua awe wakala wake, akampa nyumba ya bati kando ya ghala, pale udongo mweusi wa mbuga unapoanzia. Msimu mmoja alinunua pamba akiishi pale peke yake. Mimi nilimfuata baadaye na vyombo vyetu na mwaridi mmoja.

Mwaridi huo niliupanda mwenyewe kwenye nyumba ya kazi, mwaka tuliooana. Kule Bariadi tulikaa kwenye luseni, udongo wa kichanga ambao jembe linaingia bila kubishana. Tulipotakiwa kuirudisha nyumba, sikuona sababu ya kumwachia mgeni kitu nilichokiotesha kwa mkono wangu. Niliung'oa na bonge lake la udongo, nikaufunga gunia, nikaupakata ndani ya lori njia nzima.

Mbuga sikuijua. Nilichimba shimo refu mbele ya mlango, kuta zake zikatoka laini, zinang'aa kama ndani ya chungu, na nikajisifu kwa kazi safi. Nikajaza samadi mbichi niliyoitoa zizini kwa jirani wa mbele, nikapanda, nikawa namwagilia asubuhi na jioni, ingawa mvua nayo ilikuwa inanyesha. Wiki ya pili majani yakageuka njano. Nikaongeza maji. Yakaanza kudondoka.

Ningekuwa na moyo mwepesi labda ningefikiria udongo. Lakini Dutwa haikuwa imetupokea. Nikifika kisimani na ndoo, mazungumzo yalikatika, yakaanza tena juu ya mambo ya hali ya hewa. Nilikuja kujua kuwa watu walisema mzani wa mume wangu unakula kilo. Nilimuuliza jioni moja akivua viatu.

"Mizani yote imekaguliwa," alisema.

"Na wa kwako?"

"Nimesema yote."

Alisema hivyo akiwa ameinamia kamba za viatu, na tangu siku hiyo nikawa namwangalia hata yeye kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo mwaridi ulipokauka matawi ya juu, nilijua tayari kwamba kuna mkono wa mtu. Nilichokuwa natafuta ni nani.

Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, aliishi mama mmoja mzee, mjane. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi waliopikia moto wa kinyesi cha ng'ombe miaka yao yote. Kati yetu zilipita salamu tu.

"Mwangaluka, mayu," ningemsalimu asubuhi, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," angejibu, na kuendelea na shughuli zake.

Asubuhi moja nilikuta nyayo kwenye matope, nyayo ndogo za miguu mitupu, zimetoka upande wa minyaa mpaka kwenye mwaridi na kurudi. Kutoka kwenye shina kulikuwa na kamfereji kembamba, kamechimbwa kuelekea njiani. Nikakafukia, nikakanyaga udongo mpaka ukashikana. Siku mbili baadaye kamfereji kalikuwa kamerudi, matawi matatu yamekatwa kwa kisu kikali, na shina limezungushiwa nyasi kavu. Nilizitazama nyasi zile kwa muda mrefu kabla ya kuzisogeza kwa fimbo. Sikuthubutu kuzishika. Nilijiuliza yule mtu ameyapeleka wapi matawi yangu, na kwa kazi gani.

Kanisani nilikuwa nimepata rafiki mmoja, mwanamke tuliyeimba naye kwaya. Yeye pekee ndiye aliyenisogelea bila kuuliza habari za ghala. Nikamweleza.

"Kuna mtu anaingia kwangu alfajiri. Anachimba, anakata. Nadhani ni yule mama wa kwenye minyaa."

Akashusha sauti. "Macho yake umeyaona?"

"Nimeyaona," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nimezaliwa na kukulia usukumani. Nilijua macho mekundu ya mama mzee husemwa ni ya mchawi, na nilijua maneno hayo huishia kwenye mapanga. Nilisema tu, nikaenda nyumbani nimepata nafuu.

Haikupita wiki, mume wangu akarudi mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Hakukaa.

"Umewaambia nini watu juu ya mama wa hapo nyuma?"

"Nani kakuuliza?"

"Watu, ghalani. Wanataka kujua kama ni kweli anaingia kwetu alfajiri. Wanauliza kama tumeanza kuumwa." Akanitazama. "Unajua hapa watu wakifika kuuliza hivyo, hawaishii kuuliza."

Kesho yake kulipoanza kupambazuka nilikuwa nimekaa dirishani. Sikujua kama nataka aje au asije. Akaja, na jembe la mpini mfupi, akipita penye upenyo wa minyaa kama mtu anayepita kwake. Nikafungua mlango.

Hakushtuka. Alinyoosha mgongo taratibu.

"Unafanya nini kwangu, mayu?"

"Unauzamisha," alisema.

"Nauzamisha nini?"

"Mti wako. Njoo uone."

Alisukuma mkono ndani ya udongo kando ya shina, akautoa unachuruzika maji meusi, akanisogezea puani. Ulinuka kama kinamasi. "Umechimba chungu, ukauweka ndani, ukajaza maji. Huu si udongo wa Bariadi. Hapa maji hayaendi popote. Mizizi inaoza, wewe unadhani ina kiu."

Niliuliza kile kilichokuwa kinanila. "Kwa nini hukuniambia? Kwa nini unakuja kwa kunyemelea?"

"Ningebisha hodi, mngesema nimetumwa kuchungulia mzani," alijibu. "Na mimi pamba yangu imepita kwenye mzani huo. Sikutaka kunywa maji kwenye nyumba hii. Ila mti haujanikosea."

Asubuhi hiyo tuliung'oa pamoja. Mizizi ya chini ilikuwa laini, myeusi, ikichubuka kwa kidole. Akaikata yote mpaka kwenye nyeupe. Akanionyesha kukwangua kuta za shimo kwa ncha ya jembe ili mizizi ipate pa kushika. Samadi mbichi tukaitoa, kwa kuwa ilikuwa inaunguza. Shimo tukalirudishia udongo wake wenyewe, juu yake tukainua tuta hadi magotini kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi ya miaka, kutoka kwake. Tukaupanda juu ya tuta, tukapunguza matawi, kwa sababu mizizi iliyobaki isingeweza kulisha mengi, tukatandaza nyasi zake zile zile.

"Ukitaka kumwagilia, ingiza kidole kwanza," alisema. "Kikitoka na udongo, uache."

Sikumwambia nilichokuwa nimesema kanisani. Mchana huo huo nilimfuata rafiki yangu wa kwaya, nikamweleza kwamba nilikosea, mama yule alikuwa ananisaidia.

"Mimi nilimwambia mmoja tu," alisema.

"Basi nenda ukamwambie na hili."

"Nitamwambia." Lakini aliniangalia kama mtu anayejiuliza nimelishwa nini.

Nilizunguka nyumba nane siku zile nikisema neno moja. Watu waliitikia kwa heshima, na sioni kama walibadilika. Kabla ya palizi ya kwanza, mwana wa kiume wa mama yule alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akamhamishia Ngulyati. Mama hakuaga upande wetu. Mwaridi ulikuwa umetoa machipukizi mekundu mawili, na hakuna aliyekuwepo wa kumwonyesha.

Nilikwenda Ngulyati baada ya mavuno, kwa baiskeli, na chupa ya chai na mkate. Nilimkuta anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za mti. Nikamjibu. Kisha nikamwambia yote, kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwangu.

Aliendelea kutandaza michembe, kipande kwa kipande.

"Nilijua yametoka kwenye nyumba yenu," alisema. "Nilidhani ni mume wako."

Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Nikamimina chai kwenye kikombe chake, nikamsogezea kwa mikono miwili. Akakipokea, akakiangalia, akakirudisha mbele yangu.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Nikanywa, nusu nzima, ingawa ilikuwa ya moto. Alisubiri kidogo, macho yake usoni kwangu, ndipo naye akanywa.