Kibali cha Mke wa Gichuki

Gichuki wa Kapsoit alikuwa fundi wa ngozi, mtu wa maneno machache na vidole vilivyojaa makovu ya sindano. Mwaka wa 1953, serikali ilipotangaza hali ya hatari na Wakikuyu wenzake walipopakiwa kwenye malori kurudishwa kwao, yeye aliachwa. Si kwamba alipendwa. Hakukuwa na mwingine aliyejua kushona mikanda ya mashine za kiwanda cha majani chai. Mkewe, Nyathira, alikuwa Nyeri, na bila kibali asingeweza kuvuka hata wilaya moja. Binti yao Wakonyo aliolewa baba hayupo. Miaka minne mume na mke waliishi kwa barua.

Nayajua haya kwa sababu mimi, Onyancha, nilikuwa karani wa vibali pale Kapsoit. Kazi hiyo niliichukia, lakini ndiyo iliyonilisha.

Zamani, kabla ya hali ya hatari, mambo yalikuwa rahisi. Mume alileta barua ya mchungaji kwamba fulani ni mkewe wa ndoa, nasi tukapiga muhuri. Mwaka wa 1957, Wakikuyu walipoanza kuruhusiwa tena kuomba, ikaja amri mpya: barua hazitoshi, mume na mke waulizwe kila mmoja peke yake mambo ya nyumbani, na majibu yasipolingana mke arudishwe. Nilimwambia afisa wetu Mzungu kwamba serikali imewatenganisha watu miaka minne, sasa inawauliza wanalalaje. Akaniambia nisome maswali tu.

Nyathira alikuwa amekuja kwa ruhusa ya siku kumi na nne. Siku ya kumi na tatu wakafika ofisini kuomba kibali cha kukaa. Wakishindwa, kesho yake angepanda lori la kurudi.

Gichuki akaingia kwanza. Yeye mwenyewe asubuhi anakunywa nini? Uji wa wimbi. Kitandani analala upande gani? Wa mlangoni. Anatumia ugoro? Ndiyo, tangu ujana. Alijibu bila kusita hata nikafurahi moyoni.

Akatoka, akaingia Nyathira. Kiswahili alikuwa amejifunza ujanani, akichuma kahawa Ruiru. Mumewe anakunywa nini asubuhi? Chai ya maziwa. Analala upande gani? Wa ukutani. Ugoro? Hata kidogo.

Afisa akatazama karatasi mbili, akatikisa kichwa, akachukua muhuri mwekundu wa kukataa. Hapo hasira zikanipanda, nikasahau kwamba mimi ni karani tu. Nikamwita Gichuki arudi ndani, nikamuuliza mbona majibu yake na ya mkewe yamepishana.

Akainamisha kichwa.

"Siku hizi nakunywa chai, karani. Ugoro niliacha. Na kule mlangoni kunavuja, nikahamia ukutani. Lakini Mama Wakonyo hakuwa hapa. Nilisema vile ananijua, asionekane mwongo."

Nyathira akajifunika uso kwa leso.

"Na mimi hizi siku zote nilikuwa namwangalia," akasema. "Nilimsoma upya, ndio nisikose."

Nilimtafsiria afisa. Akasema amri inataka majibu yalingane, na haya hayalingani hata moja. Nikamjibu kwamba watu wa uongo wangepatana wakiwa bado njiani, wakaja na majibu safi kabisa. Hawa kila mmoja alikuwa akimfikiria mwenzake.

Akaugeuzageuza ule muhuri mkononi. Mwishowe akauweka chini, akachukua wa buluu, akagonga. Kibali cha kukaa na mume, bila tarehe ya kurudi.

Nyathira hakuamini. Alinifanya niisome karatasi mara mbili, na mara ya pili niliisoma polepole kwa sababu nilikuwa ninafurahia mwenyewe. Kisha akamgeukia mumewe palepale, kana kwamba sisi hatupo.

"Sasa kesho nikupikie nini, Baba Wakonyo?"

Gichuki alikuwa analia wazi, mtu mzima, fundi wa watu.

"Hata sijui," akasema. "Miaka nne nimekunywa peke yangu. Pika ile wewe unapenda."