Ndani ya Jiwe la Ayeeyo

Nakiri mapema: niliwahi kuchana daftari zima kwa sababu ya neno moja nililolifuta vibaya. Kwa hiyo mnielewe nikisema jiwe moja lilininyima raha mwezi mzima.

Mambo ya mawe nimejifunza mwenyewe hapa Garissa, kwa simu na lenzi ya fundi saa. Jiwe lililotokana na moto wa ardhini halipewi jina kwa rangi yake tu. Unahesabu madini yaliyomo. Nilichora nukta mia kwenye jalada la plastiki linaloonyesha kilicho chini yake, nikawa naliweka juu ya jiwe na kuandika kila nukta imeangukia madini gani. Kokoto za wajenzi wa mtaani kwetu nilizimaliza zote.

Lilibaki la ayeeyo, nyanya yangu: jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi, analopondea majani ya qasil ya kuoshea nywele. Mama yake aliliokota kwenye vilima vyeusi vya upande wa Marsabit, walipohamia huko na ngamia. Niliandika "basalti", jiwe jeusi la kawaida la volkeno, kwa wino, lakini moyo haukutulia. Mikono na mafuta vilikuwa vimelilainisha kote. Ili nione ndani, lazima livunjwe, na ndicho kitu pekee alichoachiwa na mama yake.

Adhuhuri moja akaniuliza kwa Kisomali, "Mbona unalitazama jiwe langu kama mwizi?"

Nikamweleza yote.

Akacheka. "Kumbe ulidhani ni zima? Hili ni nusu. Mama alilivunja siku niliyoolewa, nusu ya pili akamwekea dada yangu. Wallahi, nyinyi watoto wa simu! Lete shoka."

Ule ubavu bapa niliokuwa nikiukagua mwezi mzima ndio uliokuwa mvunjiko wa zamani, uliozibwa na weusi wa mafuta ya miaka. Haikunijia akilini.

Nilishindwa kupiga. Alipiga yeye, kwa kisogo cha shoka, mara moja.

Chini ya lile ganda jeusi kulijaa punje za kijani, zikimeta juani kama sukari. Nikaketi mchangani. Nilikuwa nimesoma kuhusu jiwe la aina hii: halikuumbika kwenye volkeno. Lilikuwa kule chini kabisa, chini ya mwamba unaoibeba nchi, mpaka mawe yaliyoyeyuka yakalizoa na kulipandisha juu. Nasi tukalipondea qasil.

Nikahesabu mara tatu. Nukta sitini na saba ziliangukia olivini, zile punje za kijani. Zilizobaki, karibu zote pairoksini, zile punje za rangi iliyokoza.

"Peridotiti," nikasema.

"Beridotiti," akarudia. "Jina refu hivyo kwa jiwe la qasil!"

Akavipima vipande viwili viganjani, akanipa chenye kijani zaidi. "Chako. Ukitaka kukivunja tena, usingoje mwezi."

Nikafungua daftari, nikapiga mstari juu ya "basalti". Ulienda mshazari. Ukurasa sikuuchana.