Mipira Mia Kila Alfajiri

Siku niliyorudi kutoka mashindanoni Dar es Salaam nilimkuta kaka yangu amechutama uani, anachoma korosho. Alikuwa akizigeuza kwa fimbo yangu ya gofu. Kichwa cha ile fimbo kilikuwa cheusi tii na mpini umeanza kupinda. Hakushtuka hata kidogo. Akanipa pole ya safari.

Gofu nilijifunzia kazini. Kwa miaka tisa nilikuwa mpishi kwenye klabu moja ya gofu huko mjini, na Jumatatu sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza. Nilianza kwa utani, nikaishia kuwashinda wanawake wenzangu wote wa pale. Baba alipopata kiharusi nikaacha kazi, nikarudi kijijini kwetu Makote kumuuguza, na fimbo zangu saba nikaja nazo.

Mwanzoni sikulegea. Kila alfajiri, kabla sijamwogesha Baba, nilikwenda shambani na kupiga mipira mia katikati ya safu mbili za mikorosho. Nikishamaliza naiokota yote, narudi nyumbani. Uani nilifukia kopo la maziwa usawa wa ardhi, jioni nikawa nalengea humo.

Kaka ndiye aliyenikatisha. Alisema watu wanamuuliza dada yake ana nini, mwanamke mzima anayepigapiga mayai kwa chuma. Alisema vilevile kwamba nilichokijua nimekijua, hakuna wa kuninyang'anya. Hilo la pili ndilo lililonimaliza, kwa sababu lilinifurahisha. Nilitaka liwe kweli. Nikaacha wiki moja, ya palizi. Kisha mwezi. Mwisho mwaka mzima ukapita na fimbo zimesimama nyuma ya mlango.

Klabu ilipowaalika wafanyakazi wa zamani kwenye mashindano, nikampa shangazi kazi ya kumwangalia Baba, nikapanda basi Newala nikiwa na uhakika wa kushinda.

Pigo la kwanza niliukwangua mpira juu, ukabiringika hatua chache mbele ya watu wote. La pili likaingia bwawani. Kwenye mashimo ya karibu, ambayo zamani sikuwahi kuyakosa, mpira ulipita pembeni kana kwamba haunijui. Nikawa wa mwisho. Aliyeshinda ni dada mmoja wa jikoni ambaye mimi ndiye niliyemfundisha namna ya kushika fimbo. Alinishika mkono kwa upole, akapapasa kiganja changu kilichokwisha kulainika.

"Dada, siku hizi hupigi," alisema.

Hakuwa ananicheka. Afadhali angenicheka. Nilisafiri siku nzima nimefura, na nilipofika ndipo nikamkuta kaka na moto wake.

Nilimwomba anipe ile fimbo. Akasema huo ni mchezo tu, na kwani nimeshinda?

"Nimekuwa wa mwisho," nikamwambia. "Uliniambia kitu hiki hakipotei, nikakuamini. Kimepotea. Ukigusa tena fimbo zangu, usiniite dada."

Sikuwahi kumjibu hivyo mkubwa wangu. Shangazi alitoka ndani, akatutazama, akarudi alikotoka. Kaka akaniachia fimbo, akaendelea kugeuza korosho kwa kijiti.

Usiku ule sikupata usingizi, na hasira zikanigeukia mwenyewe. Kaka alisema tu. Mikono yangu hakuifunga, wala mlangoni hakusimama. Nusu saa kwa siku nilikuwa nayo, nikaitumia kulala na kujisifu kimoyomoyo kwa ushindi wa zamani. Baba mwenyewe, mgonjwa, alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake kila asubuhi ili visikakamae, nami ndiye niliyekuwa namhesabia.

Kulipopambazuka nikaenda shambani na fimbo sita. Mpira wa kwanza ukagonga shina la mkorosho na kunirudia miguuni. Nikapiga tena. Kufikia wa themanini viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na mipira iliyokwenda sawa ilikuwa michache mno. Nilimaliza mia.

Ni mwezi wa tano sasa tangu asubuhi ile. Mipira inaanza kunyooka, ila mashimo ya karibu bado yananitesa. Kaka hajaniomba radhi. Siku hizi mbuzi wake, ambao zamani walilisha katikati ya safu zile, anawafunga upande wa pili wa shamba kabla sijafika, na hatujawahi kulizungumzia jambo hilo. Tunasalimiana. Nami bado nina hasira.