Aliyeketi Kabla ya Kusalimu

Mama mkwe alitoka Nakuru kututembelea Johannesburg, na kabla chai yake ya kwanza haijapoa akawa ameshaugundua ugonjwa wa binti yangu. Mtoto wa miaka tisa alirudi kutoka shuleni, akaingia sebuleni, akaketi, akainamisha macho, ndipo akasalimu. Kwetu mtoto husimama mbele ya mkubwa, akampa mkono na kungoja kuambiwa aketi.

“Hii tabia,” mama mkwe akamwambia mume wangu, “si ya kwetu.”

Katika ndoa yetu jeni zimegawanywa kwa mpangilio mzuri sana. Akili ya hesabu ilitoka kwa baba mkwe, meno mazuri kwa shangazi zao, na sauti ya kuimbia kanisani kwa mama mkwe mwenyewe. Ukoo wangu ulichangia pumu na ukaidi. Nilitaka kumkumbusha kwamba mtoto tulimpa jina lake yeye, kwa desturi yao, na ni wao wasemao kwamba jina hubeba tabia. Lakini mume wangu alishaanza kuitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu hukumu ikatoka. “Nitaenda naye Nakuru,” alisema, “akalelewe na watu.” Mume wangu, ambaye kazini hulipwa kudai ushahidi wa kila kitu, akasema hilo ni jambo la kufikiria. Nilijifungia bafuni, nikafungua maji, nikalia. Niliogopa kweli kunyang'anywa mtoto wangu.

Tabia ile nilijua ilikotoka. Tangu akiwa mchanga, sisi tukiwa kazini, binti yangu hushinda kwa jirani yetu hapa kitongoji cha Observatory, bibi wa Kizulu ambaye mtaa mzima humwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Kwao mtoto akiingia huketi upesi, kwa sababu kumsimamia mkubwa ni kujifanya umempita kimo, na kumkazia macho ni kukosa adabu. Nilimweleza mama mkwe yote hayo. Akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akaomba chai nyingine.

Jumamosi Gogo akaja kumwona mgeni, akaketi. Mama mkwe, mwanamke mrefu, aliinuka kwa heshima zake zote, akamsimamia palepale, akamnyooshea mkono huku amemkazia macho. Gogo aliupokea mkono, akaniinamia na kuninong'oneza kwa Kiingereza, kwa mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri, unaofika hadi getini:

“Eish, mwanangu. Huyu alilelewa na nani?”

Mume wangu alicheka kabla hajaweza kujizuia. Mama mkwe, aliyefundisha Kiingereza mpaka akastaafu, hakuhitaji mkalimani. Alikaa. Habari za kumpeleka mtoto Nakuru sikuzisikia tena.

Asubuhi ya safari binti yangu aliingia kumuaga, akaketi. Nyanya yake, aliyekuwa amesimama na mkoba begani, akamtazama, kisha naye akaketi. Alisema ni magoti tu, siku hizi yanamsumbua.

Magoti hayo, nadhani, ni ya upande wao.