Albamu ya Metali Iliyokosa Msikilizaji Ushirombo

Mtu akikuambia anapenda muziki wa kila aina, mwekee albamu niliyonayo mimi. Ni ya kwanza kabisa ya bendi moja ya metali, ule muziki wa magitaa ya kelele nzito, kutoka Ulaya, imerekodiwa zamani na vijana waliokuwa na magitaa mawili, hasira nyingi na kipaza sauti kimoja kibovu. Mwimbaji haimbi, anakoroma. Sidii hiyo niliachiwa na mzungu wa mgodini aliyekuwa anahama. Nami, mwalimu wa sekondari, nikavimba kichwa: Ushirombo nzima hakuna anayejua muziki ila mimi.

Basi nikatafuta wa kusikiliza naye. Jamani, nilitafuta! Mwalimu wa kwaya ya parokia alivumilia nusu wimbo, akauliza kama spika imeingia maji. Kinyozi, yule anayejidai hapitwi na jipya, aliizima wateja walipoanza kutazamana. Mke wangu ndiye aliyenimaliza: "Baba watoto, huyu anayelia amefiwa na nani?" Nikawaita washamba wote. Lakini niliumia. Unakipenda kitu kweli, halafu huna hata mtu mmoja wa kukaa naye.

Baba yangu sikumfikiria. Aliendesha karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huko Geita mpaka masikio yakafa. Tangu arudi kukaa kwangu tulishamzoea: yeye yupo sebuleni, sisi tunaongea kana kwamba hayupo. Wageni tuliwaambia mzee siku hizi amekuwa mkimya.

Jumapili moja baada ya misa niliifungulia albamu sauti hadi mwisho, makusudi, kuwaudhi wote. Baba alikuwa amekaa karibu na spika. Akageuka, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa. Nikaizima kwa mshangao.

"Mbona umezima? Mawe hayajalainika," alisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Yakilainika mlio unakuwa mzito. Haya bado yanagonga. Rudishia, ng'wana wane, mwanangu."

Nikarudishia. Akasimulia walivyokuwa wakijua kwa mlio tu, bila kufungua pipa la karasha, kwamba mawe yamekuwa unga, na jinsi mwenzao mmoja mjuaji alivyofungua mapema akakuta kokoto, wakamcheka wiki nzima. Nikachukua daftari, nikamwandikia maswali kwa herufi kubwa. Akajibu yote, akaongeza na matusi ya wachimbaji, huku kiganja hakitoki kwenye spika. Albamu ikaisha, tukaianza upya.

Mke wangu alisimama mlangoni na sahani ya wali mkononi. "Kumbe anaongea!"

Anaongea, ndiyo. Na kusoma anajua, na nyumba ya mwalimu haikosi daftari. Miaka sita nilikuwa nampungia mkono asubuhi, shikamoo sijui niliiacha lini, kisha naondoka zangu kazini.