Maneno Ambayo Hayamo Kwenye Filamu

Filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka huu, maneno yake matamu hayamo. Subirini kwanza, sijachanganyikiwa.

Mimi ni mgonjwa wa filamu. Mchana napiga pasi kwa dobi, jioni natazama filamu hadi mama anauliza kama nimeolewa na televisheni.

Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama. Kaka aliondoka nikiwa darasa la kwanza, siku aliyogoma kurudi chuoni na mama akafoka, "Toka, na usinikanyagie tena hapa!" Akatoka kweli. Tangu siku hiyo jina lake halitajwi, na mama akisikia hodi hushtuka.

Basi, ikaja wiki ya utamaduni pale ukumbi wa mtaa. Jumatatu mashairi, Jumanne maonyesho ya picha, Jumatano muziki. Nilikwenda kote, sikutulia kokote. Nilihama viti kama niliyekalia siafu, maana Alhamisi ilikuwa zamu yetu wapenzi wa filamu: unapanda jukwaani, unataja zilizokukuna mwaka huu.

Ya tatu yangu ilikuwa ya mpishi wa melini aliyepoteza ladha ya ulimi. Ya pili, ndugu wawili wanaogombea jumba la sinema lililobaki kuta tupu. Watu wakapiga makofi.

Nikafika ya kwanza.

"Mwanajeshi amerudi kwao baada ya miaka. Amesimama mlangoni, mama yake yuko ndani. Anasema, 'Hamasani, mama. Vita sikuviogopa, naogopa mlango huu.' Jamani, nililia!"

Mwalimu wa sanaa, ndiye aliyeandaa shughuli, alikuwa nayo kwenye kompyuta. Akatafuta kipande kile, akakionyesha ukutani.

Mwanajeshi akasimama mlangoni. Akavua kofia. Akanyamaza wee, mpaka picha ikahama.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Dada," mwalimu akasema, "hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Mimi nilitazama iliyotafsiriwa!"

Zangu zote ni za mtafsiri. Mtu anakaa na maiki, anafunika sauti za waigizaji kwa Kiswahili, na chumvi yake anaongeza. Wangu anajiita Koo la Chuma, sauti inakwaruza utadhani ana mafua ya kudumu. Kumbe maneno yaliyoniliza yalikuwa yake mwenyewe.

"Na hiyo hamasani ndiyo nini?"

"Si ni samahani ya utani! Kila mtu anasema."

"Nani anasema?"

Nikawatazama watu. Hakuna aliyelijua.

Kumbe nimelisikia nyumbani kwetu tu. Nikashuka jukwaani bila kuaga, nikampigia mama nikiwa bado kwenye ngazi za ukumbi.

"Mama, neno hamasani tulilitoa wapi?"

"Ni lako," akasema. "Ulipokuwa mdogo samahani ilikushinda kutamka. Kaka yako akalidaka, likawa letu. Nje ya nyumba hii hakuna anayelijua."

Nikakaa palepale kwenye ngazi. "Mama, Koo la Chuma ni..."

"Yaani umejua leo?"

"Kwani wewe ulijua?!"

"Nimemzaa mimi. Abane sauti, aikwaruze, nitamjua tu. Unadhani kwa nini nilikuwa nakuambia rudisha pale mlangoni, eti sijasikia vizuri?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliyemfukuza ni mimi, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nilikasirika, nisiwadanganye. Mwaka mzima! Mmoja kajificha nyuma ya mwanajeshi, mwingine kajificha nyuma ya masikio mabovu, na mimi katikati nimeshika rimoti kama zuzu.

Sikurudi ukumbini. Nilikimbia hadi duka ninaponunua filamu, wakanielekeza studio: ghorofani, juu ya duka la vipuri. Nje ya mlango nilisikia majambazi watatu wakigombana, na wote watatu walikuwa mtu mmoja.

Nikasukuma mlango.

Chumba kidogo, magodoro yamebandikwa ukutani kuzuia kelele. Mwanamume mwenye upara akageuka kwa hasira.

"Dada, huoni tunarekodi?"

"Mimi ni mdogo wako."

Akavua hedifoni taratibu. Alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta mtoto wa darasa la kwanza.

"Ile ya mlangoni," akauliza, na sauti ya chuma ikawa imekwisha, "mama aliwahi kuisikia?"

"Kila wiki."

Nikapiga simu, nikamwekea sikioni. Mtu anayesemea majambazi, mabibi harusi na vichanga, siku ile alikosa hata neno moja. Alilia tu, mabega yakitikisika. Nami nilimsikia mama upande wa pili akirudia, "Njoo basi. Njoo nyumbani, baba." Nikamshika mkono tukaondoka, maiki ikabaki inawaka.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna mtu unatakiwa kumwomba msamaha, nenda mwenyewe, kwa sauti yako. Ukimtuma mwigizaji, mama yako anaweza kulia mwaka mzima na wewe usijue.